"Wewe Ndiye Mtu Wetu wa Kwanza Kenya"

Wiki iliyopita binamu yangu wa Minjila alinitumia skrinishoti saa sita usiku. Kampuni fulani ya ng'ambo imemchukua. Malipo kwa dola. Kazi ya mtandaoni, anafanya akiwa nyumbani kwao, karibu na Garsen, mbuzi wakipita nyuma ya kiti. Na chini kabisa bosi ameandika kwa Kiingereza kitamu, wacha nikufasirie: wewe ndiye mtu wetu wa kwanza Kenya, karibu kwenye familia.

Akaniuliza, "Vipi bro, hata hongera hakuna?"

Sikumpa hongera. Nilimuuliza, "Mkataba uko wapi?" Akanyamaza. Asubuhi nikaamka nikakuta stetasi yake: kuna watu wa damu yako wenyewe hawawezi kukuona ukiinuka. Watu wakamwagia moyo na moto. Shangazi yetu mmoja akaweka "amina".

Sasa badala ya kujibizana na familia kwenye stetasi, wacha niyaseme hapa mbele ya wote. Manake najua huyu binamu si peke yake. Kila siku naona mtu amepiga picha laptopu na kikombe cha chai, ameandika "first hire", na sisi wote tunapiga makofi. Mimi nilipiga makofi hayo mpaka mikono ikaniuma. Sina wivu. Niliwahi kuwa mtu wa kwanza Kenya.

Ilikuwa 2023. Jina la kampuni silitaji, wala nchi yao, kwa sababu sitaki hii iwe hadithi ya kampuni moja mbaya. Kazi ilikuwa kusikiliza rekodi za Kiswahili, kuandika kilichosemwa, kusahihisha ya wengine, ili mashine ijifunze kutusikia. Dola 250 kwa mwezi. Mama alichinja kuku. Mjomba wangu, ambaye miaka yote alikuwa ananiita "wewe kijana wa simu", akaanza kuniita bosi mbele ya watu sokoni Garsen.

Miezi mitatu haijaisha wakaniambia: wewe ndiye unajua watu wa huko, tutafutie wengine. Nikatafuta sita. Wawili tulisoma pamoja, mmoja jirani, mmoja dada ya rafiki yangu, wawili waliletwa na wale wengine. Nikawakalisha chini ya mwembe nyumbani nikawafundisha. Jinsi ya kufungua akaunti ya kupokea dola. Jinsi ya kuandika invoisi. Saa za kuingia, jinsi ya kuomba ruhusa ukienda haja, manake kuna programu ilikuwa inahesabu dakika. Na nikawapa ile sentensi, nikaitamka kwa fahari kabisa: nyinyi ndio watu wa kwanza Kenya, mambo yakikua mtakuwa mameneja.

Hebu hesabu vyeo vyangu. Mtafuta wafanyakazi. Mwalimu. Karani wa malipo. Fundi wa intaneti. Mtu wa kubembeleza wazazi wa yule binti waamini kwamba kazi ya usiku ya laptopu ni kazi ya heshima. Vyote hivyo kwa dola zilezile 250, na kwenye makaratasi yao mimi nilikuwa "kontrakta wa kujitegemea". Kujitegemea gani, ndugu yangu, na choo naombea ruhusa?

Novemba mvua za El Niño zikaja. Wale mlioko Nairobi na Mombasa mliona kwenye taarifa ya habari, dakika mbili, kisha matangazo. Sisi tuliona mto Tana ukitoka kitandani mwake na kuingia vitandani mwetu. Barabara zikakatika, watu wakahamia kambini kwa maelfu. Stima zikapotea, netiweki ikafuata. Siku nne sikuonekana mtandaoni. Siku ya tano nikapanda pikipiki, nikavuka maji mahali pengine nimebeba laptopu kichwani ndani ya mfuko wa plastiki, mpaka nikapata mnara unaofanya kazi. Nikafungua. Akaunti imefungwa. Kulikuwa na ujumbe mmoja mfupi: kwa kuwa hupatikani, tumesitisha ushirikiano. Kazi ya mwezi ule haikulipwa, yangu wala ya wale sita.

Angalia neno walilotumia. Ushirikiano. Hawakusema wamenifuta kazi, kwa sababu kwa vitabu vyao sikuwahi kuajiriwa.

Na wale sita hawakumwandikia bosi. Wangemwandikia wapi, hata jina lake la pili hawakulijua. Walikuja kwetu. Mmoja alikaa kibarazani na mama yangu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hasemi kitu, anangoja tu. Kwao kampuni ilikuwa mimi. Sura ya kampuni ni ya yule aliyekuajiri, na mimi ndiye niliyewaajiri. Niliuza simu nikamlipa mmoja kitu kidogo. Wengine wawili bado nikikutana nao stendi naangalia chini.

Hicho ndicho kitu sentensi ile inaficha. Kampuni ikiwa ngeni nchini haina chochote. Haijui mitaa, haijui lugha, haijui nani anaaminika na nani ana mdomo tu. Haijui kwamba Garsen ukitaka vijana wa Kipokomo na wa Kiorma na wa Kiwardei wakae chumba kimoja lazima ujue unaanza kuongea na nani. Yote hayo inayakopa kwa mfanyakazi wake wa kwanza. Inakopa jina lako, uso wako, namba za simu zako, na ile imani ambayo watu wanayo kwa baba yako. Kwa hiyo mtu wa kwanza ndiye aliyetoa mtaji mkubwa kuliko wote ila pesa. Na ndiye huyo huyo hana hata karatasi.

Mtaniambia hayo ni mambo ya mtandaoni, mambo mapya. Mambo mapya wapi! Waulizeni wazee wa Tana Delta.

Kuanzia 2008 hivi delta yetu ilikuwa kama bibi harusi mwenye posa nyingi. Qatar walisemekana wanataka hekta 40,000 walime chakula chao. Kampuni ya Uingereza, G4 Industries, ilikuja kutafuta ardhi ya mbegu za mafuta Wachu Ranch, ikajiondoa 2011. Na ikaja Bedford Biofuels kutoka Kanada. Hawa walikuwa na mbono. Mafuta ya ndege na magari yatatoka kwenye mbono wa Tana River, dunia itapona joto, na sisi tutapata kazi. Waliingia mikataba ya kukodi ardhi ya ranchi za huku, ya miaka 45. NEMA ikawaruhusu kuanza na eneo la majaribio la hekta 10,000. Kufika 2013, baada ya ile miezi ya damu ya mapigano ya delta, mradi ulikuwa umekufa.

Simlaumu kila aliyeshabikia mbono. Wengine walikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa humwoneshi takwimu. Ninachotaka ukione ni kimoja tu. Ardhi iliandikwa. Miaka 45, sahihi, mihuri, mawakili. Lakini zile ajira zilizoahidiwa, zile za maelfu, zilikaa kwenye vipaza sauti vya mikutano. Jiulize kwa nini kitu kimoja kilistahili wakili na kingine kilistahili kipaza sauti. Anayekuja anajua vizuri sana ni kipi kinaweza kumbana kikiandikwa.

Na hata huko, wa kwanza kuajiriwa si walikuwa wenyeji? Kwenye kila mradi wa aina hii anatafutwa kijana anayejua lugha, mtoto wa fulani, apelekwe mbele ya wazee. Mzungu atapanda ndege. Yule kijana atabaki, ndiye atakayeulizwa mskitini, kanisani, kwenye matanga, kwenye foleni ya maji: ile kazi mliyosema iko wapi?

Sasa njoo Nairobi, manake najua wengi wenu mkisikia Tana River mnafikiria ngamia. Mwaka 2019 kampuni ya Sama ilianza kuchuja machapisho ya Facebook kutoka Nairobi. Vijana kutoka nchi kadhaa za Afrika wakaletwa, kila mmoja kwa lugha yake, waangalie vitu ambavyo wewe hutakiwi kuviona: watu wakichinjwa, watoto wakiumizwa, siku nzima. Mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, akashtaki Mei 2022, Sama pamoja na Meta wenyewe. Mwaka uliofuata wakafuata wengine zaidi ya 180.

Unajua Meta walijibu nini kwanza? Hawakuanza kwa kubishana kama vijana waliumia. Walisema sisi hatuko Kenya. Hatujasajiliwa huko, hatufanyi biashara huko, korti yenu haitufikii. Kampuni ambayo nusu ya ukoo wako wanaitumia kutangaza harusi haipo Kenya!

Februari 2023 Korti ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikasema hapana, Meta inaweza kushtakiwa hapa. Meta wakakata rufaa. Septemba 2024 Korti ya Rufaa ikawaambia vilevile. Ilikuwa imepita miaka miwili na zaidi, na hapo kilichoamuliwa ni kama mlango upo, hata hawajaingia ndani kuongea kuhusu kilichowapata vijana. Kisha mwisho wa 2024 ukaletwa mswada Seneti wa kubadilisha sheria za biashara, ambao ndani yake kulikuwa na kipengele cha kumkinga mteja wa ng'ambo asishtakiwe na wafanyakazi wa kampuni aliyoipa kazi. Yaani korti imefungua mlango, wanasiasa wanakimbia na kufuli. Mimi sijui wewe unaita nini hiyo. Mimi naita kumkaribisha mgeni kwa kumfunga mikono mwenye nyumba.

Najua komenti zitakazokuja, kwa hiyo wacha nizijibu kabla hamjaandika.

Ya kwanza: utafukuza wawekezaji. Sawa, tupige hesabu, manake watu wanaosema hivi huwa hawapigi hesabu. Chukua mtu analipwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Ukimwajiri kihalali, kwa viwango vya 2025, mwajiri anaongeza NSSF asilimia 6, hiyo ni 2,400. Anaongeza ushuru wa nyumba asilimia 1.5, hiyo ni 600. Anaweka 50 ya NITA. Jumla 3,050. Karibu dola 24. Ongeza bima ya ajali kazini, ongeza kwamba lazima akupe siku 21 za likizo ya malipo kwa mwaka. Sasa niambie, kampuni ambayo bosi wake anasafiri daraja la kwanza, itakimbia Kenya kwa sababu ya dola 24? Kama itakimbia basi haikuwa na pesa ya kuajiri mtu. Ilikuwa na pesa ya kujaribu bahati kwa kutumia maisha yako.

Ya pili: dola ni dola, afadhali dola bila mkataba kuliko shilingi na peslipu. Hii naielewa, mimi mwenyewe nilikuwa naiimba. Mapema 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Mwenye dola 250 anashika 40,000. Miezi michache tu mbele ikashuka mpaka 130 hivi. Dola 250 zilezile, sasa ni 32,500. Hujakosea kitu, hujachelewa, umekatwa 7,500 na upepo. Mtu mwenye mkataba anaweza kufungua ukurasa aseme hapa tuliandika nini kuhusu malipo. Wewe utafungua nini, WhatsApp?

Halafu kuna jambo hakuna anayewaambia. Kontrakta ndiye anayejilipia kodi. Yule bosi wa ng'ambo hakati chochote, anakutumia pesa nzima nzima, wewe unafikiri ameongeza. Lakini KRA wanakusubiri, na ripoti yako ya mapato inatakiwa ifike kabla ya tarehe 30 Juni. NSSF hakuna anayekuwekea. Ya hospitali, SHA, ujipeleke mwenyewe. Nilifanya kazi miezi minane na kwenye rekodi ya NSSF mimi ni mtu ambaye hajawahi kufanya kazi maishani.

Ya tatu ndiyo inaniuma, kwa hiyo siwezi kuipita haraka. Mtu ataniambia: kwani Garsen kuna kazi gani? Nitajibu nini? Kuna kulima mpunga na kungoja mto uamue. Kuna maembe ya ngowe ambayo msimu ukifika yanaoza kwa wingi wake, madalali wanakuja na bei yao mfukoni. Kuna boda. Kuna vibarua vya barabara mkandarasi akija. Kuna kukaa maskani na muguka. Binamu yangu ana miaka 22, amemaliza diploma, ametuma barua mpaka mkono umekufa ganzi. Mtu kama huyo ukimwambia "kataa kazi mpaka uone mkataba" unamwambia kitu ambacho wewe mwenye simu mbili huwezi kukifanya. Najua. Ndiyo maana sikumwambia akatae. Nilimwuliza mkataba uko wapi. Hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa kwenye stetasi yameonekana kimoja.

Kwa sababu hiki ndicho kitu sikukijua 2023, na laiti ningekijua. Sheria ya Ajira ya 2007 haisemi mfanyakazi ndiye atafute karatasi. Kifungu cha 9 kinasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na anayetakiwa kuuandaa ni mwajiri. Kifungu cha 10 kinaenda mbali: mkifika kortini na mwajiri hana karatasi ya kuonesha, basi mzigo wa kuthibitisha au kupinga mlichokubaliana unakuwa wake. Si wako. Kifungu cha 37 kinamlinda hata kibarua: ukimfanyisha kazi mfululizo mwezi mzima, au kazi yenyewe si ya kuisha ndani ya miezi mitatu, huwezi kuendelea kumwita kibarua wa siku. Hilo linamgusa yule anayebeba mawe ya barabara sawasawa na yule mwenye laptopu.

Na korti haiangalii jina ulilopewa. Unaweza kuitwa kontrakta, mshirika, balozi, mwanafamilia. Swali ni: nani anakupangia saa? Nani anakuamuru ufanye vipi? Unaweza kumtuma mwenzako akufanyie? Una mteja mwingine? Kama majibu yote yanaelekea kwa bosi mmoja, wewe ni mfanyakazi, hata kama invoisi umeandika kwa mkono wako. Mfanyakazi wa mwezi hafukuzwi kwa ujumbe wa mstari mmoja. Kuna notisi ya siku 28, kuna kusikilizwa kwanza, kuna sababu lazima itolewe. Na ukionewa una miaka mitatu ya kupeleka malalamiko. Mimi nilidhani nikishafungiwa akaunti mambo yameisha. Nilikaa mwaka mzima nikijilaumu kwa mvua.

Kuna mtu mjanja atasema, "Sawa, lakini kampuni yenyewe haiko Kenya, utaishika wapi?" Ni swali zuri na ndio mchezo wenyewe. Wanajua wakiwa hawana ofisi hapa, wewe utachoka kabla hujawafikia. Lakini kuajiri vizuri kutoka mbali si miujiza. Kampuni inaweza kujisajili hapa kama kampuni ya kigeni chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, ikaweka mwakilishi anayeishi hapa. Inaweza kufungua kampuni tanzu. Na kama inaogopa yote hayo kwa sababu ina mtu mmoja tu, kuna kampuni ambazo biashara yao ni kuajiri kwa niaba ya wengine: wanakuwa mwajiri wako kwenye karatasi, wanakata kodi, wanapeleka NSSF na SHA, kisha wanamdai yule wa ng'ambo. Ada inalipwa na yeye. Mtu wa kwanza kabisa anaweza kuajiriwa hivyo bila bosi kuja kuona hata kiboko wa mto Tana. (Angekuja lakini angefurahi. Kiboko wetu hawana mpinzani.)

Kwa hiyo bosi akikwambia "sisi bado wadogo, hatujafika hapo", anakudanganya au hajauliza. Mara nyingi hajauliza. Nimegundua wengi wao si mashetani. Ni watu waliofungua laptopu kwao, wakaona Mkenya anaongea Kiingereza kizuri kwa dola 250, wakafurahi. Kwao kuna sheria na wanazifuata kwa woga. Ukimwajiri mtu Ujerumani bila mkataba unalala ukiota korti. Huku hakuna aliyewatisha, na sisi tuliowapokea tulikuwa tunacheka sana kwenye intavyuu.

Hapo ndipo nawageukia nyinyi mnaofanya nilichofanya mimi. Mtu wa kwanza anayeanza kuajiri wengine. Wengine wenu sasa mmepata utamu, mnakula kamisheni kwa kila kichwa mnachokileta. Kuna mtu namjua anachukua dola 30 kila mwezi kwa kila kijana aliyemwingiza, na bado anawaambia washukuru. Bosi wa ng'ambo anaweza kusema hajui sheria ya Kenya. Wewe utasema nini? Wewe unamjua yule binti, unamjua mama yake. Ukimwingiza mtu kwenye kazi ambayo hujui nani mwajiri wake, siku ya siku mwajiri ni wewe. Mimi nilijua hivyo nikiwa nimekaa ndani, nimezima taa, nikimsikia mama akimwambia yule kijana kibarazani, "Ngoja mwanangu, atarudi tu," huku anajua niko chumbani.

Sijaombwa msamaha na ile kampuni. Wale sita nao sikuwahi kuwaomba vizuri. Wawili wanajua ni wao. Nikija Garsen mwezi ujao nitawatafuta, na kama mko kwenye komenti msinitukane hapa, nitukaneni ana kwa ana.

Turudi kwa binamu. Jana nilimpigia, tukaongea kama saa nzima, tukatukanana kidogo, tukacheka. Nikamwomba amwandikie bosi maswali matatu, kwa adabu, kwa Kiingereza chake kizuri kile. Nani ni mwajiri wangu kisheria hapa Kenya? NSSF na SHA nani atapeleka, tarehe gani? Na mto ukifurika netiweki ikakatika siku nne, nini kinatokea kwa kazi yangu? Hilo la tatu alicheka, akasema litaonekana la ajabu. Nikamwambia liandike hivyo hivyo, na neno mto uliache.

Akatuma saa tatu usiku. Amenitumia skrinishoti nyingine asubuhi ya leo. Bosi amejibu: maswali mazuri sana, kusema kweli hakuna aliyewahi kutuuliza, nipe siku mbili niongee na wakili.

Binamu ameniandikia chini yake, "Ona sasa, umeniharibia." Kisha dakika tano baadaye: "Ama?"

Bado sijamjibu. Ile stetasi ameifuta lakini.